Mnaohifadhi ordinal ya enamu kwenye hifadhidata, hivi mnatuchukia?

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa. Leo naongea, na atakayekasirika akasirike.

Nimerithi programu ya simu ya Android iliyoandikwa kwa Kotlin. Ina watumiaji wa kweli na pesa za watu zinapita humo. Ndani kuna enamu, yaani orodha ya thamani zilizopewa majina, ya hali ya oda: INASUBIRI, IMELIPWA, IMETUMWA, IMEGHAIRIWA. Mpaka hapo sina neno, hiyo ndiyo kazi ya enamu. Thamani ni chache, zinajulikana, kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu, inazifahamu zote, na mtu hawezi kuandika "imelpwa" kwa haraka zake kosa likapita hadi kwa mteja.

Sasa fungua kigeuzi kinachopeleka hali hiyo kwenye jedwali la Room, maktaba ya hifadhidata ya Android. Jamaa ameandika `hali.ordinal`. Yaani anachohifadhi ni nafasi ya jina kwenye foleni: wa kwanza 0, wa pili 1, na kuendelea. Akisoma anarudi na `values()[n]`, yaani anachukua jina lililo kwenye nafasi hiyo. Na kinachonikera zaidi, Room tangu toleo la 2.3 inahifadhi enamu kwa jina lake bila kuambiwa chochote. Mtu alikaa chini, akatumia muda na akili, akaandika kigeuzi kwa mkono ili apate kitu kibaya zaidi ya kile anachopewa bure!

Kilichofuata mnakijua. Biashara ikataka hali mpya, INAKAGULIWA. Aliyepewa kazi akaiweka mahali inapoleta maana kwa msomaji, katikati ya IMELIPWA na IMETUMWA. Hesabuni wenyewe. 2 iliyokuwa IMETUMWA sasa inasomeka INAKAGULIWA. 3 iliyokuwa IMEGHAIRIWA sasa ni IMETUMWA. Watu walioghairi oda wanaona mzigo uko njiani. Waliotumiwa wanaambiwa bado tunakagua. Programu haianguki, ripoti za hitilafu ni nyeupe kabisa, majaribio yote yanapita kwa sababu yanaanza na hifadhidata tupu kila mara. Habari tukaipata kwa wateja, tena wakiwa wameshachemka.

"Si urudishe tu mpangilio wa zamani?" Ningefurahi sana. Lakini toleo jipya lilikuwa limeshaingia kwenye simu za watu na kuanza kuandika. Kwenye safu moja sasa kuna 3 zilizoandikwa na toleo la zamani kumaanisha imeghairiwa, na 3 za toleo jipya kumaanisha imetumwa, na hakuna alama yoyote ya kuzitofautisha. Ukirekebisha za upande huu unaharibu za upande ule. Zile ambazo seva inazijua unaweza kuzifuta na kuzivuta upya. Zilizobadilishwa simu ikiwa nje ya mtandao hazina shahidi mwingine ila hiyo namba, na namba yenyewe inasema mambo mawili.

Na msiniambie dawa ni kuandika onyo juu ya enamu kwamba mpangilio usiguswe. Onyo lilikuwepo, tena kwa herufi kubwa.

Jambo la pili, `else`, ile ya "vinginevyo". Kotlin tangu 1.7 ya mwaka 2022 inakataa `when` (sehemu inayochagua la kufanya kwa kila hali) ya enamu isiyoshughulikia hali zote, hata pale unapoitumia kama amri tu. Hii ni zawadi: ukiongeza INAKAGULIWA, kompaila inakutajia kila sehemu ambayo haijui la kufanya nayo. Huyu bwana kila mahali kamalizia `else -> {}`, yaani "hali nyingine yoyote, usifanye kitu". Kila mahali! Hali mpya ikaingia, kompaila ikanyamaza kwa sababu ilishaambiwa inyamaze, na skrini ya oda ikawa haina hata kitufe.

Nikiuliza wenzangu kwa nini watu wanaiogopa enamu kiasi cha kuigeuza namba, naambiwa "enamu ni nzito kwenye Android". Ni kweli Google yenyewe iliwahi kuandika kwenye mwongozo wake kwamba tuziepuke kwa sababu ya kumbukumbu, na ndipo watu wakashika `@IntDef`, namba tupu zenye alama ya kuonyesha zipi zinaruhusiwa. Ushauri huo uliondolewa zamani, na leo R8, zana ya kubana msimbo wa Android, inapofungasha programu, enamu za kawaida inazigeuza namba yenyewe. Wewe unayelia na uzito wa majina matano huku umepakia picha ambazo hakuna aliyezibana, tulia kidogo.

Seva nayo ina balaa lake. Ikituma hali ambayo programu ya zamani haiijui, Gson, maktaba inayosoma data ya seva, inaweka null (yaani hakuna kitu) kimyakimya, hata kwenye sehemu ambayo Kotlin imetangaza haiwezi kuwa null. Inakuja kulipuka mbele huko, mbali na chanzo, unatafuta mchawi. Wekeni hali ya HAIJULIKANI na muielekeze huko kwa makusudi.

NYONGEZA: naona wa iPhone wameanza kucheka. Kwenye Swift ukiandika `enum Hali: Int` bila kuipa kila kesi namba yake, namba zinajihesabu zenyewe kutoka 0, na ukichomeka kesi katikati zinasogea vilevile. `default` mnayobandika kwenye kila `switch` ni ndugu wa hiyo `else`. Na hali moja isiyojulikana kutoka kwa seva inaangusha usomaji wa orodha nzima, si oda moja tu. Wa Flutter, `index` yenu ni hiyohiyo ordinal. Tangu toleo la 2.17 la Dart, lugha yenu, mwaka 2022, enamu inaweza kubeba sehemu zake, kwa hiyo kila hali ipeni msimbo wake wa kudumu, "imelipwa", "imetumwa", na huo ndio uhifadhiwe. Kotlin na Swift zinaruhusu hivyo siku zote. Ni neno moja la ziada kwa kila mstari.