Essien, Muntari au Appiah: nani alikuwa mchapakazi zaidi?

Benchi la Nyuma
Wakuu, jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Viungo watatu wa Ghana ya 2006: Michael Essien, Sulley Muntari, Stephen Appiah. Kipaji tuweke pembeni, naongelea kazi. Ukiambiwa uchague mmoja akuchezee dakika 90 kwenye matope, unamchukua nani?

Mimi Essien. Liberty Professionals ya Accra, Bastia, Lyon akabeba ligi mara mbili, 2005 Chelsea wakamwaga pauni milioni 24 na ushee. Namba sita anacheza, namba nane anacheza, na fainali ya Moscow 2008 alianza beki wa kulia. Mapafu ya mbwa yule.

Mzee wa Darajani
Umenikumbusha Mei 2009, kibanda umiza, Chelsea yetu inacheza na Barcelona. Dakika ya 9 mpira unashuka kutoka juu, Essien hausubiri utulie, anaupiga hewani hewani kwa kushoto, mguu ambao si wake. Ukagonga mwamba kwa chini, ukazama. Benchi letu lilivunjika, tukamalizia mechi tumesimama. Na hapo alikuwa ametoka kukaa nje miezi kibao. Goti lilimwachia Septemba 2008 akiichezea Black Stars, timu ya taifa ya Ghana, dhidi ya Libya.

Bint Pwani
Basi hapo kwenye goti ndipo penye neno. Kombe la Dunia 2010 Essien hakuwepo, aliumia tena Januari kule Angola kwenye Afcon. Robo fainali na Uruguay, nani aliyeachia lile kombora la mbali kabla ya mapumziko? Muntari, aliyekuwa ametoka kubeba mataji matatu na Inter msimu huohuo. Halafu Machi 2008, yuko Portsmouth, Old Trafford: kipa wa Man United Van der Sar kaumia, kipa wa akiba Kuszczak kala nyekundu, golini kasimama beki Rio Ferdinand. Penalti, Muntari huyo, bao. Portsmouth wakaenda mpaka wakabeba Kombe la FA.

Kitasa
Dada, ni huyohuyo aliyerudishwa nyumbani kutoka Brazil 2014 kwa utovu wa nidhamu?

Bint Pwani
Ndiye. Na ndiye aliyetoka uwanjani Cagliari 2017 akiwa na Pescara, baada ya kumwambia refa anatukanwa kwa rangi yake na kuambulia kadi. Adhabu ikaja kufutwa. Hasira zake zina pande mbili.

Fundi Saa
Mnapiga kelele kapteni Appiah mmemsahau. 2006 Ujerumani, Ghana mara yao ya kwanza Kombe la Dunia, na Afrika nzima ni wao tu waliovuka makundi. Mechi ya Marekani Muntari hakucheza, kadi. Mechi ya Brazil Essien hakucheza, kadi. Appiah alikuwepo zote nne, na penalti iliyowatoa Wamarekani alipiga yeye, dakika za nyongeza kipindi cha kwanza. Mchapakazi kwangu ni yule anayekuwepo kazini.

Mzee wa Darajani
Fundi, na zile bao tatu za Brazil alizipokea akiwa kazini pia 😂

Fundi Saa
Kwani Essien, kiungo mkabaji wake, alikuwa wapi siku hiyo, mzee? Jukwaani.

Benchi la Nyuma
Hiyo hesabu ya kadi sikuipiga. Haya, kitambaa nampa Appiah. Ila kwenye matope bado naingia na Essien.