Kaburi la babu limo ndani ya mahindi ya wenyewe. Makaburi ya madiwani na wabunge wetu wa zamani nitayapata vipi?

mjukuu_wa_diwani (Kisumu)

Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mwalimu wa historia, nafundisha huku Kisumu, lakini kwetu ni Sabatia, kaunti ya Vihiga. Nina swali na nina uchungu, na vyote vimetoka mahali pamoja.

Babu yangu mzaa baba alikuwa diwani wa North Nyanza miaka ya 1950, enzi za yale mabaraza ya Waafrika ya wilaya, makao yakiwa Kakamega na Vihiga haijawa hata wilaya. Baada ya uhuru alipata shamba kwenye skimu za makazi za Lugari, akahama na bibi na watoto wadogo. Akafia huko 1978, akazikwa huko huko. Baba zangu wadogo waliliuza lile shamba kipande kwa kipande, na kufikia 1996 hatukuwa na hata futi moja.

Nilikuwa na miaka saba siku ya mazishi. Nakumbuka mambo mawili tu. La kwanza ni mti wa lusiola uliokuwa upande wa kichwani, nikiwa nimeushika kwa sababu watu walikuwa wengi na niliogopa kukanyagwa. La pili ni mjomba wangu akiwa amepiga magoti anaandika kwenye simiti mbichi kwa msumari wa inchi sita. Aliandika DIWANI, halafu jina la babu chini yake. Herufi N ya DIWANI aliiandika kinyume, na hakuna mtu aliyemwambia, maana alikuwa analia.

Aprili mwaka huu nilienda Lugari. Mwenye shamba wa sasa ni muungwana, alinikaribisha chai kabla hata sijaeleza shida yangu. Lakini yeye ni mnunuzi wa tatu. Aliyemuuzia hakumwambia kuna kaburi, na aliyemuuzia huyo naye hakuambiwa. Trekta limepita hapo misimu zaidi ya ishirini. Tulizunguka kwenye mistari ya mahindi mpaka saa kumi, tukarudi mikono mitupu. Miti ya lusiola iko minne, na yote kwangu ilifanana.

Nikiwa njiani kurudi nilijiuliza: kama mjukuu mwenyewe amelikosa, hao wengine? Nimeanza daftari. Naandika kila diwani na kila mbunge wa Maragoli, Bunyore na Tiriki ninayemsikia, aliyehudumu kabla ya 1980, na mahali alipozikwa. Wakubwa hawanisumbui. Mzee Moses Mudavadi, aliyekuwa Waziri wa Serikali za Mitaa na aliyefariki 1989, kila mtu kwetu atakuonyesha kwake Mululu. Shida ni hawa wa chini yake, waliopigania zahanati na daraja la mbao, ambao hata shule haikupewa jina lao.

Nchi nyingine unaenda makaburini, unafungua rejista ya mji, unasoma. Sisi tunazikana nyumbani. Nianzie wapi?

---

Nyar_Sakwa (Bondo)

Pole sana Mwalimu. Nimesoma hapo kwenye msumari nikanyamaza kidogo.

Niseme la kwetu. Ukija Kang'o ka Jaramogi hapa Nyamira utaona kaburi la Jaramogi Oginga Odinga, aliyefariki Januari 1994, na makumbusho ya familia kando yake. Fidel, mwana wa Raila, yuko hapo tangu 2015. Na tarehe 19 Oktoba 2025 tukamzika Raila hapo hapo, siku nne tu baada ya kufariki India, kwa sababu alitaka azikwe upesi. Nilisimama barabarani tangu alfajiri na mama yangu mwenye miaka themanini na moja. Hakukubali kukalia kiti. Alisema aliyesimama na watu maisha yake yote hapokelewi na watu waliokaa.

Sababu ya kukueleza haya ni moja: kaburi lile halitapotea kwa kuwa ni boma lenye watu. Kumbukumbu yetu ya kaburi ni watu wanaolala karibu nalo. Watu wakihama, imekwisha.

Sasa upande wa kutafuta. Ukifika kwenye dala, yaani boma, la zamani la Mjaluo usiulize kwanza kaburi liko wapi. Uliza nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, ilisimama wapi. Hata kama nyumba imeanguka miaka arobaini iliyopita, mama mmoja mzee atakuonyesha, maana alipika hapo. Mwenye boma huzikwa upande wa kulia wa nyumba hiyo, mke upande wa kushoto. Ukishapata msingi wa nyumba, eneo la kutafuta linakuwa dogo sana. Kwenu Maragoli sijui mnapanga vipi, lakini naamini nyumba ndiyo alama. Wewe ulitafuta mti. Tafuta nyumba.

---

karani_mstaafu (Kakamega)

Mwanangu, nilikuwa karani wa baraza miaka mingi, mpaka mabaraza yalipokwisha 2013 na kaunti zikaanza. Nitakwambia ninachojua kuhusu karatasi.

Cheti cha kifo hakitakusaidia. Kinaandika mtu alipofia, hakiandiki alipozikwa. Kibali cha maziko hutolewa na naibu chifu, na vile vitabu vya zamani wengi hawana tena. Kwenye upekuzi wa ardhi pia usitegemee kitu: ile karatasi itakuonyesha mwenye shamba, ukubwa, mkopo wa benki kama upo. Kaburi haliandikwi. Ndiyo maana huyo bwana wa Lugari alinunua bila kujua, na hana kosa.

Kinachosaidia ni Gazeti Rasmi la Serikali. Familia ikienda mahakamani kufungua mirathi, tangazo hutolewa humo likitaja jina la marehemu, kata ndogo aliyotoka, mahali alipofia na tarehe. Mirathi mingi ya watu waliokufa miaka ya sabini ilifunguliwa baadaye sana, watoto walipotaka kuuza. Kwa hiyo usitafute mwaka wa kifo peke yake, tafuta hata miaka ishirini mbele. Ukishapata kata ndogo, unakwenda kwa liguru, yaani mzee wa kijiji, wa hapo. Liguru anajua nani alizikwa wapi kuliko ofisi yoyote.

Kanisa pia. Wafuasi wa Friends (Quakers) kule kwenu, Church of God wa Bunyore, Waanglikana wa Butere, Wakatoliki wa Mukumu, wote waliweka vitabu vya maziko. Wakatoliki hasa. Padri atakuuliza kwa nini unataka, mweleze ukweli.

Kumbukumbu za mikutano ya baraza la zamani ziko kwenye nyaraka za taifa, na wana ofisi hapa Kakamega. Humo hupati kaburi, unapata jina kamili la diwani na sehemu aliyowakilisha. Jina kamili ni muhimu. Nimeona watu wawili wenye jina moja wakigombaniwa na koo mbili kwenye kaburi moja.

Na mwisho, usimkasirishe mwenye shamba. Ukitaka kumfukua mzee na kumrudisha Sabatia lazima upate kibali chini ya Sheria ya Afya ya Umma, si jambo la kuamka na jembe. Kama ningekuwa wewe ningemwacha hapo alipo, ningeomba tu futi sita kwa nne za kujengea ukingo.

---

mjukuu_wa_diwani

Mzee, asante. Dada wa Sakwa, asante sana. Hilo la nyumba sikuwa nimelifikiria kabisa, na nimefundisha historia miaka ishirini na mitano! Shangazi yangu mkubwa yuko hai, anaishi Chavakali. Nitamuuliza nyumba ya bibi ilielekea wapi.

---

wa_Gilgil (Nakuru)

Naongeza kidogo kutoka huku Bonde la Ufa, kwa sababu daftari lako litakutana na tatizo hili. Mbunge hazikwi alikochaguliwa. Ukitafuta wabunge wa Nakuru makaburini Nakuru utachanganyikiwa.

Achieng Oneko alichaguliwa mbunge wa Nakuru 1963, akawa waziri wa kwanza wa habari, na alikuwa mmoja wa wale sita wa Kapenguria, walioshtakiwa na wakoloni pamoja na Kenyatta. Alipofariki 2007 alizikwa kwake Kunya, Rarieda, kando ya ziwa. J.M. Kariuki kinyume chake: alikuwa mbunge wa Nyandarua, akauawa Machi 1975, lakini amelala huku kwetu Gilgil. Rais Moi yuko Kabarak, si Sacho alikozaliwa. Masinde Muliro na Michael Kijana Wamalwa, wote watu wa Bukusu, wamelala Trans Nzoia kwenye mashamba yao. Tom Mboya alikuwa mbunge wa Nairobi, akapigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na msafara ukampeleka mpaka kisiwa cha Rusinga. Kaburi lake limejengewa jumba lenye umbo la risasi. Nimelitembelea. Unasimama ndani na hakuna anayehitaji kukueleza kitu.

Jambo la mtu azikwe wapi kwetu si dogo. Mwili wa wakili S.M. Otieno ulikaa chumba cha maiti miezi mitano kuanzia Desemba 1986, mjane na ukoo wakiwa mahakamani, mpaka Mahakama ya Rufani ilipoamua azikwe Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Na huyo hakuwa hata mwanasiasa.

Kwa hiyo kwenye daftari weka safu tatu: alikozaliwa, alikochaguliwa, alikozikwa. Na kama alipata shamba la skimu miaka ya sitini, anza kutafuta kwenye skimu. Babu yako mwenyewe ni mfano. Ungemtafuta Sabatia milele.

---

Nyar_Sakwa

Umesema kweli kaka. Na Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje aliyeuawa Februari 1990, mwandikeni pia, yeye yuko Koru shambani kwake, ingawa kwao asili ni Nyahera.

Mwalimu, ulifika kwa shangazi?

---

mjukuu_wa_diwani

Nilifika. Samahani nimekaa wiki tatu bila kuandika.

Shangazi hasikii vizuri, ilibidi nichore. Nilichora shamba kwenye karatasi, barabara upande huu, kijito upande ule. Akaninyang'anya kalamu. Akaweka nyumba ya bibi, akaweka jiko, akaweka ghala la mahindi, na mbele ya mlango akaweka msalaba. Halafu akachora mti, si upande wa kichwani kama nilivyokumbuka mimi. Ulikuwa miguuni. Nimeishi na kumbukumbu hiyo kinyume miaka yote hii.

Jumamosi iliyopita tukaenda Lugari, mimi, binti yangu na liguru wa pale. Mwenye shamba alikuwa ameshavuna, amekata na mabua. Alitupa jembe mbili na yeye mwenyewe akachukua ya tatu. Msingi wa nyumba tuliupata kwa mafiga: mawe matatu meusi ya jikoni, yametupwa kwenye ua alipokuwa akilima. Akatuonyesha alikoyatoa. Tukahesabu hatua kutoka hapo kwa karatasi ya shangazi.

Jembe la binti yangu ndilo lililogonga. Kina chake si zaidi ya mkono mpaka kiwiko. Tukaacha majembe, tukafukua kwa panga na vidole. Bamba limepasuka mara mbili na pembe moja haipo, nadhani ililiwa na trekta. Liguru akaleta mtungi wa maji. Nikamwagia, nikasugua kwa kiganja, maji yakaingia kwenye mistari kwanza, yakakaa humo meusi. D, I, W, A. Kisha ile N.

Binti yangu akasema, "Baba, hii wameikosea." Nikashindwa kumjibu. Mwenye shamba alivua kofia.

Amekubali futi sita kwa nne. Hataki pesa, ameomba tu tupande miche ya kahawa pande mbili ili trekta lipate kuona. Tutaandikiana mbele ya naibu chifu Alhamisi, na nakala itawekwa pamoja na hati yake ya shamba, ili atakayenunua kesho aikute. Nimepiga picha bamba, mafiga na mti, na karatasi ya shangazi nimeibandika ukurasa wa kwanza wa daftari.

Wiki ijayo naanza Bunyore. Kama kuna mtu wa Luanda au Emuhaya humu anayemjua diwani yeyote wa kabla ya uhuru, tafadhali aniandikie hata kama ana jina moja tu.