Kiraka cha draiva: je, njia ya makosa imekamilika?

fundi_pasua (Moshi)
Wanajukwaa, salaam. Tunaandaa kifaa cha kupima unyevu wa udongo katika mashamba ya kahawa. Katika draiva yetu ya Linux (programu inayoendesha kifaa), probe (fanksheni inayokiandaa kifaa kianze kazi) iliwasha saa ya chipu (mapigo yanayoiendesha) kwa clk_prepare_enable, kisha ikaomba intarapti (ishara ya chipu ya kukiita kichakataji) kwa devm_request_irq. Ombi likikataliwa, ilirudisha msimbo wa kosa na kuiacha saa ikiwaka. Kijana wetu ameleta kiraka (badiliko la msimbo) kinachotumia goto, agizo la kuruka, kwenda kwenye lebo inayozima saa. Naomba mnieleze kama kuna kilichosahaulika kabla sijakipitisha.

njiro_kerneli
Kwa kosa lililotajwa, kiraka ni sahihi. Kagua pia platform_get_irq, inayoleta namba ya intarapti, kwa sababu hurudisha namba hasi inaposhindwa, na ukiihifadhi kwenye unsigned int (aina ya namba isiyoweza kuwa hasi), sharti la kuwa chini ya sifuri halitatimia kamwe. Ikirudisha -EPROBE_DEFER (yaani "jaribu baadaye"), upitishe msimbo huo kama ulivyo, kwani kerneli (kiini cha Linux) itaita probe tena baadaye; ukiubadilisha kuwa -EINVAL (kosa la kawaida), kifaa hakitajaribiwa tena.

mama_draiva, Arusha
Ndugu yangu, mimi nisingekipitisha bado, kwa kuwa kasoro kubwa zaidi imo upande wa remove (fanksheni inayoitwa draiva inapoondolewa), ambako kiraka hakikugusa. Rasilimali za devm (zile ambazo kerneli huziachilia yenyewe, kama intarapti yenu) huachiliwa baada ya remove kumalizika. Kwa hiyo remove yenu inazima saa wakati intarapti bado imesajiliwa, na ikiingia katika mwanya huo, kishughulikiaji (fanksheni inayoijibu intarapti) kitasoma rejista za chipu isiyo na saa, jambo ambalo kwenye bodi nyingi za ARM hugandisha mfumo mzima. (Majaribio ya mezani hayalioni kwa urahisi, maana ni nani huondoa draiva wakati kihisi kinafanya kazi?) Tumieni devm_clk_get_enabled, inayowasha saa na kuiachia devm kuizima, kabla ya kuomba intarapti. Devm huachilia kwa mpangilio wa kinyume, hivyo intarapti itaondoka kwanza, na goto yenyewe haitahitajika.

fundi_pasua (Moshi)
Ahsanteni sana. Namba yetu ya intarapti ni int, inayokubali hasi, hapo tuko salama. Tatizo ni kwamba kerneli tuliyopewa na muuza bodi ni ya zamani na haina devm_clk_get_enabled.

mama_draiva, Arusha
Basi sajilini uzimaji kwa devm_add_action_or_reset mara tu saa inapowaka, na mfute uzimaji ulio kwenye remove na ule wa goto. Usajili wenyewe ukishindwa, fanksheni hiyo huzima saa papo hapo, kwa hiyo rudisheni kosa tu. Msiizime mara ya pili.