Ufa wa faiba kwenye madigadi umerudi palepale, kiraka huwa kinadumu kweli?

bodi_chakavu:
Wakuu habari zenu. Nina Corvette ya 1971, bodi yote faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini. Madigadi ya mbele kushoto ilikuwa na ufa, fundi akaziba, rangi ikapigwa ikang'aa utadhani imetoka kiwandani jana. Haijafika hata miaka miwili ufa huo umerudi, tena gari likikaa juani unaona kiraka chote kimejichora kwenye rangi kama mshipa wa mkono. Hivi faiba ikishapasuka ndo basi tena? Kuna jamaa ananiambia ninunue madigadi nyingine.

msasa80:
Pole mkuu, usinunue kitu kwanza. Pitisha mkono kwa ndani nyuma ya ufa, ukikuta pako vilevile kama zamani hamna nyuzi zilizoongezwa, ujue ulifukiwa fila, ile lipu ya bodi, kwa juu tu. Fila kazi yake kusawazisha, haishiki bodi. Ufa unasagwa mpaka uishe wote, halafu unatengeneza mteremko mrefu, ile hesabu ya 12 kwa 1, yaani faiba ya milimita 3 mteremko wake unaenda kama milimita 36, ndo unalaza nyuzi tabaka juu ya tabaka, na kwa ndani unaongeza. Mafundi wengi wanaogopa kusaga eneo kubwa hivyo, wanachimba kamfereji wanakajaza, na hako kamfereji ndo unakokaona sasa.

bodi_chakavu:
Daah, nimepitisha mkono, kweli ndani hamna kitu. Ila nimekuta na bolti moja inayoshika bampa imelegea, ukiitikisa bampa madigadi nayo inacheza.

resini_kwanza:
Basi mchawi wako ni huyo bolti! Faiba haipasuki bila sababu, kuna kitu kinaivuta, ukiziba bila kukaza hapo itapasuka tena, kama sio palepale basi pembeni ya kiraka. Huo mstari wa juani ni jambo jingine, resini ya poliesta, ile gundi ya maji inayogandisha nyuzi, inasinyaa ikikauka na inaendelea kusinyaa taratibu, sasa mtu akiwahi kupiga rangi lazima ijichore. Mimi natumia epoksi, resini ya aina nyingine, inang'ang'ania faiba ya zamani vizuri zaidi na haisinyai sana. Ila angalia nyuzi unazonunua, zile za mkeka zina gundi inayoyeyushwa na poliesta, kwenye epoksi nyingi hazilowi vizuri, chukua kitambaa cha kufumwa. Na usije ukazidisha hadina, ile dawa ya kugandisha, ili iwahi, kwenye epoksi ukikosea vipimo inabaki laini milele, nilishawahi kukwangua boneti nzima kwa ujinga huo.

msasa80:
Epoksi sawa ila tusiitukane poliesta, hiyo bodi yenyewe ni poliesta na ina miaka zaidi ya 50. Ikisagwa vizuri na kuachwa wiki kadhaa kabla ya rangi inakaa. Epoksi naona ni lazima kwa zile panel za SMC (faiba iliyokandamizwa kwenye kalibu ya moto) za matoleo ya baadaye, zile poliesta ya kawaida inabanduka kama ganda.

bodi_chakavu:
Nimewaelewa wakuu. Naanza na bolti. Nisage kavu au kwa maji?

resini_kwanza:
Kavu, maji yakiingia kwenye nyuzi umekwisha. Ila futa vaksi kwanza kabla ya kugusa msasa, na vaa barakoa ya maana na mikono mirefu, hilo vumbi linawasha siku tatu.