Ushauri: fonti ya chanzo huria ndani ya PDF, je kitabu nacho kinakuwa cha umma?

Mjukuu_Tanga: Wakuu, habari za jioni. Napanga kijitabu cha tenzi za marehemu bibi. Ukurasa mmoja hati ya Kiarabu kama alivyoandika mwenyewe, ukurasa wa pili herufi za Kilatini. Nimetumia Scheherazade New na Gentium, zote za shirika la SIL. Jalada nimeweka fonti ya mwandiko niliyoipakua tu mtandaoni.

Jana mchapaji kafungua PDF akaniambia fonti za chanzo huria zikipachikwa ndani, kitabu chote ni cha umma, yeyote anadurufu. Mjomba kasikia, kaja juu. Halafu mchapaji anataka na faili zenyewe za fonti (ttf), na mimi nilishasogeza nukta za herufi mbili tatu kwenye FontForge, programu ya kuhariri fonti, maana zilikuwa zinagongana. Ninunue fonti nyingine au?

KalamuTupu: Usinunue kitu. Leseni ya hizo fonti za SIL ni OFL (Open Font License) 1.1 ya mwaka 2007. Soma sharti la 5: fonti lazima ibaki chini ya leseni hiyo, lakini hilo haliihusu hati iliyoandikwa kwa fonti hiyo. Tenzi ni za bibi, haki ni za warithi.

Hofu ya mchapaji naijua inakotoka. GPL, leseni nyingine ya chanzo huria, ilitungwa kwa ajili ya programu, watu wakauliza: hati iliyobeba fonti nayo inavutwa humo? Ndipo ikaongezwa ruhusa maalumu ya fonti. Fonti za Liberation za kampuni ya Red Hat zilianza na GPL ya namna hiyo, toleo la 2 likahamia OFL.

Fundi Mitambo: Mimi naogopa hilo jalada. Bure si huria. Leseni yake inasemaje?

Mjukuu_Tanga: Duh. "Matumizi binafsi tu."

Fundi Mitambo: Na kitabu unauza. Usidhani ukiigeuza iwe mchoro umepona, kazi bado ni ya biashara. Itoe.

Bi_Mpangaji: Kuhusu ttf: endesha pdffonts, programu ya kuorodhesha fonti za PDF, kwenye hiyo PDF yako. Safu za emb (imepachikwa) na sub (herufi zilizotumika tu) zikisema yes, na jina la fonti limetanguliwa na herufi kubwa sita na alama ya +, basi herufi ulizotumia zimo ndani. Mchapaji hahitaji zaidi. Aking'ang'ania, mpe pamoja na OFL.txt, faili la leseni. Ila ile uliyosogeza nukta ibadilishe jina kwanza, hata humo ndani ya FontForge, si jina la faili peke yake. Juu kabisa ya OFL.txt utaona majina yaliyotengwa, ambayo fonti iliyobadilishwa hairuhusiwi kuyatumia, na "Scheherazade" limo.

Mjukuu_Tanga: Nimeiita Bibi Naskh. pdffonts inasema yes kote. Jalada nimeweka Gentium. Mjomba kaliangalia, anasema sasa limekuwa kama barua ya benki.