Mrejesho: Meli za vita kwa 3D, tumemaliza

Wakuu, heshima kwenu. Mwezi uliopita niliomba msaada hapa: tulikuwa wanafunzi wanne tukiunda kwa Blender (programu ya kuchora vitu vya 3D) shambulio la meli ya Kijerumani Königsberg dhidi ya meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, 20 Septemba 1914. Kila tukiunganisha kazi, Pegasus ilitokea kubwa kuliko Königsberg, ilhali ndiyo iliyokuwa ndogo.

Tulifuata ushauri wa kukubaliana kipimo kwanza (yuniti moja ni mita moja, sifuri ni usawa wa maji), kila mtu akabaki na faili lake, na faili kuu likavuta meli kwa linki tu. Hapo ndipo tulipopona. Mzinga tuliunda mmoja, tukaurudufu hadi ikafika kumi ya Königsberg, na kompyuta haikuelemewa. Aliyesema tutoe picha mojamoja badala ya video, Mungu akubariki: umeme ulikatika mara mbili, tukaendelea tulipoishia.

Moshi ulitushinda. Simulesheni ilijaza memori hadi programu ikajifunga, tukaishia kubandika picha za moshi. Kwa mbali zinapendeza. Kamera ikisogea, ubapa unaonekana, na mwalimu aliuona. Kazi imepita hata hivyo. Asanteni sana, kwa niaba ya wote wanne.