Kreatinini ya binti yangu iko sawa, mbona daktari ana wasiwasi?

Mama wa Kisauni: Asalaam aleikum. Binti yangu wa miaka 19 ana lupasi, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, mwaka wa pili sasa. Jana tumevuka daraja la Nyali na majibu mkononi: kreatinini, ile taka ya damu ionyeshayo figo zasafisha vipi, ni 72, sawa. Lakini C3 na C4, protini za kinga kwenye damu, zimeshuka, na kingamwili dhidi ya DNA, zile zinazoshambulia mwili wenyewe, zimepanda. Daktari ataka mkojo tena. Miguu humvimba jioni, mie nikadhani ni joto la kaskazi.

Fundi wa Likoni: Wa aleikum salaam, dada. Kreatinini huchelewa kusema. Yangu ilikuwa sawa huku mkojo watoka povu kama la sabuni! C3 na C4 hushuka kwa kuwa zinatumika vitani, na mara nyingi uwanja wa vita ni figo. Mkojo wake una povu?

Nesi mstaafu: Vipimo vya damu huashiria tu. Protini ya mkojo, ndiyo iletayo povu, ikifika gramu 0.5 kwa siku, huenda wakataka kutoa kinyama cha figo wakipime. Na diklofenaki za dukani, vidonge vya maumivu viwezavyo kuumiza figo, aache, tafadhali.

Mama wa Kisauni: Yallah, povu lipo. Na diklofenaki anameza, kwa magoti. Kesho alfajiri naupeleka mkojo.